Mwenye Mashine Afike Mwenyewe

Mke wangu alipofariki, Kibaoni nzima ilijua kabla jua halijapanda, isipokuwa serikali. Serikali nilienda kuiambia mwenyewe, na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza.

Kwanza niseme mashine ya kukoboa mpunga ilikuwa ya nani. Wengi walidhani ni yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyeonekana kila siku nimejaa pumba za mpunga kuanzia kope hadi kwenye viatu. Haikuwa yangu. Aliinunua yeye, kwa mchele aliokuwa akiukusanya Usevya na kwenda kuuza Mpanda, wakati mimi bado ni kijana wa Kasekese ninayetembea na spana kwenye mfuko wa plastiki. Mota ikamsumbua, akaitisha fundi, nikaja mimi. Nilitengeneza mota na sikurudi Kasekese. Alikuwa akiwaambia wateja kwamba ile ndiyo kazi ya ufundi iliyomgharimu kuliko zote, maana fundi alikula kwake maisha yake yote.

Kwa hiyo mashine ilikuwa yake, leseni ilikuwa yake, na jina la biashara lililopakwa rangi ya bluu ukutani lilikuwa jina alilopewa na bibi yake. Sitaliandika hapa. Lipo ukutani, anayelitaka apite alisome.

Jambo la pili ni mtani. Mke wangu alikuwa Mpimbwe, na huku kwetu Wapimbwe na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao wanataniana. Msibani mtani ana haki ambazo ndugu hana. Anaweza kucheka mbele ya maiti. Anaweza kuvaa nguo za marehemu na kusema kwa sauti yake. Na anaweza kuchukua kitu cha marehemu, sufuria au kigoda, akakaa nacho mpaka wafiwa wamkomboe kwa kuku. Hakuna anayeuita wizi. Wazee walijua kwamba mfiwa akiachwa atakaa ndani mpaka aote ukungu, wakamtafutia sababu ya kuinuka na kwenda kwa mtu.

Mtani wa mke wangu ni muuza dagaa pale sokoni, mama wa Kisukuma mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Siku ya tatu ya msiba aliingia chumbani, akatoka amevaa kitenge cha mke wangu, kilemba amekifunga fundo likiwa kushoto kama alivyokuwa akifunga yeye. Akasimama mbele yangu, mkono kiunoni.

"Baba watoto! Umekaa hapo kama gunia la pumba. Mkanda wa mashine ameuangalia nani?"

Watu waliokuwa wanalia wakacheka, na waliokuwa wanacheka wakalia. Mimi pia nilicheka, nikashangaa kusikia sauti inatoka. Wakati wa kuondoka akanyanyua simu ya mke wangu, ile ndogo ya vitufe, akaitumbukiza kifuani.

"Hii nakaa nayo. Unaitaka, njoo na jogoo. Na asiwe wa kuazima."

Jogoo nilikuwa naye. Sikwenda.

Sababu ni kwamba baada ya watu kutawanyika, mchana mmoja simu yangu iliita na jina lililoandikwa kwenye kioo lilikuwa la mke wangu. Nikapokea.

"Baba watoto, umekula?"

Nilijua ni nani. Hakuna mtu asiyeijua sauti ile, hata akiibana puani kumwiga mwenzake. Nikajibu, "Bado."

"Kula basi. Unataka waseme nilikuacha na njaa?"

Akakata. Kesho yake akapiga tena saa zilezile, na siku nyingi zilizofuata. Ndiyo maana jogoo wangu alinenepa.

Leseni ya mashine ikafika mwisho wake. Hapo kila mtu alinipa ushauri mmoja: lipa kwa jina lake, nyamaza. Jirani yangu mwenye bucha alinivuta pembeni, akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto.

"Hii bucha ni ya babu. Babu amekufa mimi sijaoa. Lakini kila mwaka analipa leseni yake, hajawahi kuchelewa hata mara moja. Kwani wewe unamsumbua mkeo kwa nini?"

Nilipochunguza niliona anasema kweli. Barabara yetu kuu, kwenye makaratasi, ni makaburi yenye biashara nzuri. Duka la pembejeo ni la mzee aliyezikwa zamani. Mwenye nyumba ya wageni ni bibi ambaye hata wajukuu zake hawakumwona. Na kusema haki, hao ndio wafanyabiashara wazuri kuliko sisi. Wanalipa kwa wakati, hawalalamiki na hawajawahi kugombana na afisa yeyote.

Lakini mimi nilisoma mpaka darasa la saba tu, na ninachokumbuka zaidi ni kwamba ukiulizwa jina unataja jina lako. Nikaenda kwa afisa biashara. Ni kijana mstaarabu, alinipa kiti.

"Shikamoo mzee. Pole tena na msiba."

"Marahaba. Nimeshapoa. Nimekuja kwa ajili ya leseni ya mashine. Mwenyewe amefariki."

Akaacha kuandika. Alikuwa amekuja kuzika, alibeba hata jembe. Lakini akanitazama kama nimemletea habari mpya.

"Mzee, sasa umeniambia."

"Ndiyo."

"Mimi kama mimi nilikuwa najua. Ila ofisi ilikuwa haijui. Sasa ofisi imejua."

"Nimekosea?"

"Hujakosea. Ila ungenyamaza. Kunyamaza si uongo."

"Karatasi yako inauliza jina la mmiliki. Nikiandika lake, nimenyamaza hapo?"

Akashusha pumzi. "Mashine si ya mkeo? Na mkeo si wako? Andika ni yako tu."

"Haikuwa yangu. Ilikuwa yake."

Jioni ile alikuja mwenyewe na kufuli, kwa sababu biashara ambayo mwenyewe hayupo haiwezi kuendelea bila leseni. Alipokuwa anafunga aliniomba radhi mara nyingi, nikamshikia tochi ya simu ili aone tundu. Mpaka naandika haya sina kinyongo naye. Kule Usevya mpunga ulikuwa umeshaanza kuwa wa njano. Mashine ikikosa msimu mmoja, wateja wanazoea njia ya mashine nyingine, na mteja wa mpunga ni kama ng'ombe, akizoea njia humrudishi. Tena wale wateja walikuwa wa kwake. Nilikuwa nataka waje wakute mlango uko wazi na jina liko ukutani.

Wakati huohuo, ikawa kama bahati, wakubwa wakaja kutuletea urahisi.

Semina ilifanyika sokoni chini ya turubai. Tulipewa kofia na maji ya chupa. Mtaalamu kutoka mbali alitueleza kwamba zamani mtu akitaka kusajili biashara alipita milango mingi, na sasa milango yote imeondolewa, limebaki dirisha moja. Tena hata dirishani si lazima kwenda. "Huduma iko mkononi mwako, ukiwa nyumbani kwako!" Tukapiga makofi.

Mtani wangu, aliyekuwa amekaa mbele na beseni lake la dagaa, akanyoosha mkono. "Hilo dirisha lina nondo?"

"Mama, ni dirisha la huduma."

"Ndiyo nauliza. Maana dirisha lenye nondo linaonyesha tu vitu vya ndani, hupiti."

Watu wakacheka, mtaalamu naye akacheka. Mimi nikasimama, nikauliza mwenye biashara akiwa marehemu utaratibu ukoje.

"Swali zuri sana," akasema. Nimegundua kwamba mtaalamu akisema hivyo, jibu hana. "Mfumo umezingatia makundi yote. Vijana, akina mama, wenye ulemavu. Kundi la marehemu... tunalichukua, tutalifanyia kazi."

Nikajaribu huduma ya nyumbani. Nyumbani kwangu mtandao unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya mashine, nao hutegemea upepo. Nilisimama pale kama mnara, nimeinua simu niliyoazima kwa mwenye bucha. Picha ya bendera ikafunguka. Ikafuata picha ya watu wanaotabasamu. Ikafuata duara linalozunguka, nalo likazunguka mpaka mbuzi wakarudi kutoka machungani. Kwa hiyo, ili nipate huduma nikiwa nyumbani, nikapanda basi kwenda Mpanda.

Njia inapita katikati ya hifadhi. Mbung'o wakianza, abiria wote hufunga vioo, na basi zima linakaa kimya kwa joto mpaka Sitalike. Mke wangu alipenda kipande kile. Alisema ndipo mahali pekee ambapo watu wa Katavi hukaa pamoja bila kubishana.

Dirisha nililiona mara moja, maana lilikuwa jipya. Walikuwa wamebomoa ukuta wa ofisi, wakatia fremu ya alumini, wakaandika juu yake maneno makubwa ya karibu. Lilikuwa limeelekea machweo, hivyo kila aliyepanga foleni alikuwa amekunja uso kama mwenye hasira, hata kama hana. Na nondo lilikuwa nazo. Afisa wa ndani, mtu mzima wa makamo yangu, alinisikiliza vizuri.

"Hapa ni dirisha moja, mzee wangu. Unaanzia kwenye stesheneri pale ng'ambo, wanakujazia kwenye mfumo. Wakishachapa unaenda mlango wa nyuma unagongewa muhuri. Kisha mlango wa pili, uhakiki. Halafu unarudi hapa."

"Na dirisha lenyewe linafanya nini?"

"Linapokea."

Stesheneri ilikuwa ya dada mmoja mwenye vidole vyepesi sana. Nikamwambia nataka kusajili jina la biashara, jina lilelile la ukutani, ila mmiliki sasa ni mimi. Akaliandika. Kioo kikajibu: *Jina hili linatumika.*

"Linatumika na nani?" nikauliza.

Akabonyeza. Likatokea jina la mke wangu, la kwanza, la baba yake na la babu yake. Chini yake: *Hali: hai.*

"Ni hali ya biashara hiyo, baba," yule dada akasema haraka, maana nadhani aliona uso wangu.

"Naelewa. Iache hapo kidogo."

Akaiacha. Alikuwa na wateja wanaosubiri.

Ili nilipate jina, ilibidi kwanza biashara yake ifungwe. Akabonyeza mahali pa kufunga. Kioo kikauliza: *Je, wewe ndiye mmiliki? Ndiyo. Hapana.*

"Bonyeza Hapana," nikasema.

Akabonyeza. Tukarudishwa mwanzo, kwenye bendera na watu wanaotabasamu.

"Baba, hapa watu wote wanabonyeza Ndiyo."

"Hapana."

Akabonyeza tena, wale watu wakatabasamu tena. Nikavuka barabara kurudi dirishani.

"Mwenye biashara afike mwenyewe," afisa akasema. "Au athibitishe kwa namba ya siri, inatumwa kwenye simu yake."

"Amefariki."

"Oh. Pole sana. Cheti cha kifo unacho?"

"Ninacho. Na barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi."

"Safi kabisa. Umejipanga. Viambatanishe kwenye mfumo."

"Pa kuambatanisha panafunguka mwenyewe akishathibitisha kwamba ni yeye."

Akanitazama, akageukia kioo chake, akabonyeza huku na huku. Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Mwisho akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema aibu ya familia. "Ni kweli. Zamani kulikuwa na ukurasa wa marehemu. Walipunguza kurasa ili iwe rahisi. Nadhani ndio huo."

Nikiwa bado nimesimama pale, simu yangu ikaita. Jina la mke wangu. Kwa uziwi wangu wa mashine huwa naweka sauti ya juu, hivyo foleni nzima ilisikia.

"Baba watoto! Serikali imenitumia namba! Nimewafanya nini?"

Yule dada wa stesheneri alikuwa amejaribu kutuma ombi tena, safari hii kwa kubonyeza Ndiyo, ili anisaidie. Afisa alikuwa amesoma jina kwenye kioo cha simu.

"Kumbe yupo!"

"Hayupo," nikasema. "Huyo ni mtani."

"Mtani? Ana simu ya marehemu?"

"Aliichukua msibani. Sijaikomboa."

Niliogopa atanicheka au ataita polisi. Lakini alivua miwani. Kwao ni upande wa Sumbawanga, nao utani wanaujua. Akanisogelea mpaka pua ikagusa nondo.

"Mzee mwenzangu. Hujamkomboa mtani? Muda wote huo?"

"Bado."

"Msiba wako mwenyewe umeuacha wazi, halafu unakuja kuniambia mimi nifunge kwenye kompyuta?"

Nyuma yangu mtu mmoja akasema, "Mpeni basi nafasi, akatafute jogoo," watu wakacheka, lakini si kwa ubaya.

Niliporudi Kibaoni, mpunga ulikuwa umeshaanza kukatwa. Matela ya ng'ombe yalipita mbele ya mlango wangu wenye kufuli yakienda kwenye mashine ya mwenzangu, na wenye mizigo waliniamkia huku wakitazama upande mwingine. Jogoo alikuwa uani, mkubwa, anatembea kama mwenyekiti. Nilimtazama kwa siku kadhaa. Kumshika yeye ilikuwa ni kuikata ile simu ya mchana, na nilijua hivyo tangu mwanzo. Kutomshika ilikuwa ni kuliacha jina ukutani juu ya mlango usiofunguliwa, mpaka rangi ichubuke.

Nikamshika. Nikamfunga miguu, nikaenda naye sokoni.

Mtani alimpima kwa mikono miwili. "Jogoo gani huyu? Amekonda kama mfiwa."

"Amenenepa kunishinda."

"Nyie Wapimbwe mkishiba nzige mnadhani kila ndege ni mnono."

"Mimi si Mpimbwe."

"Uliolewa Upimbwe, bhabha. Wewe ni wao." Akamweka jogoo chini ya meza ya dagaa. Halafu uso ukabadilika kidogo. "Simu sikupi hapa. Wamesema mwenye mashine afike mwenyewe, si ndiyo? Basi nafika. Nikishafika, ndipo utanikomboa."

"Watasema tunadanganya."

"Nani atadanganyika? Mimi ni mnene, yeye alikuwa mwembamba kama fito."

Tukaenda Mpanda, mimi, yeye na jogoo ndani ya kikapu. Alikuwa amevaa kile kitenge, fundo la kilemba kushoto. Kwenye kipande cha mbung'o vioo vilipofungwa, jogoo akawika, na kwa mara ya kwanza watu wa Katavi wakabishana pale pale hifadhini, kuhusu jogoo kama anastahili nauli.

Dirishani alipita mbele ya foleni, akagonga nondo. "Nimeitwa. Mimi ndiye marehemu."

Nikasema haraka, "Afisa, huyu siye. Huyu ni mtani wake, niliyekuambia."

"Najua, mzee wangu, umeshaniambia," akasema, akajizuia kucheka mpaka machozi yakamlenga. Akamwachia mwenzake kiti, akatoka nje kupitia mlango, akavuka nasi mpaka stesheneri. Alisema anataka kushuhudia mwenyewe. Nadhani alikuwa hajawahi kuona dirisha lile kutokea upande wa nje, maana alisimama akaligeukia, akakunja uso kwa jua.

Dada akafungua mfumo. *Je, wewe ndiye mmiliki?*

Nikafungua mdomo. Mtani akanizuia kwa kiganja. "Wameuliza nani? Wewe au mimi?" Akanyoosha kidole chake chenye harufu ya dagaa, akabonyeza Ndiyo.

Nimelifikiria sana jambo lile, maana uongo siuwezi. Lakini kwa desturi yetu aliyevaa nguo ya marehemu msibani hadanganyi, kwa sababu kila aliyepo anajua nani yuko kaburini. Pale tulikuwa wanne na wote tulijua. Aliyekuwa hajui ni kompyuta peke yake, na yeye tulikuwa tumemletea cheti.

Namba ya siri ikaingia kwenye ile simu ya vitufe. Mtani akaisoma kwa sauti ya mke wangu, moja moja, kupitia puani. Pakafunguka pa viambatanisho. Tukaweka cheti cha kifo na barua ya mahakama. Halafu kioo kikauliza sababu ya kufunga biashara. Kulikuwa na kupata hasara, kustaafu, kuuza na kuhama. Sababu niliyokuwa nayo haikuwepo.

Dada akamtazama afisa. Afisa akatazama dari.

"Kuhama," mtani akasema.

Wote wakanigeukia, kwa sababu walishajua tabia yangu. Nikatafuta uongo kwenye lile neno, sikuuona. Nikasema, "Weka hiyo."

Simu ya vitufe ikalia tena. Mtani akaiinua karibu na macho, akasoma kwa sauti ileile ya puani. "Mpendwa mteja. Ombi lako la kufunga biashara limekamilika. Tunakushukuru kwa..." Hapo sauti ikamtoka, ikaja yake mwenyewe, ile ya kuitia ng'ombe, ila ndogo. "...kwa kuwa nasi. Tunakutakia mafanikio huko uendako."

Nje, mashine ya kuchapa ya duka la jirani ilikuwa inatoa karatasi, moja baada ya nyingine. Akafungua kilemba, akakikunja, akakiweka juu ya simu, akanikabidhi vyote viwili kwa mikono miwili. Mimi nikampa kikapu.

Dada akaandika upya jina la ukutani. *Jina hili linapatikana.*

Nilikuwa nimekasirishwa sana na lile neno la kwanza, kwamba linatumika. Sasa nililiona hili na nikatamani lile lirudi. Lakini nikasema endelea.

Na kwa kuwa nimesema mabaya yao, niseme na mema. Baada ya hapo ilikuwa rahisi kweli. Cheti cha jina la biashara kilitoka kabla sijamaliza soda niliyonunuliwa na afisa, na mlango wa nyuma hatukwenda, kwa sababu mwenye muhuri alitoka mwenyewe aje kumwona marehemu aliyekuja na jogoo. Urahisishaji upo. Unahitaji tu mtu wa kukutoa kwenye mlango wa kwanza.

Kijana wetu wa leseni alikuja kufungua kufuli akiwa na furaha kuliko mimi. Mwenye bucha naye akaja kuuliza kama ni kazi ngumu, maana alianza kumfikiria babu yake. Nilimweleza kwamba inahitajika simu ya marehemu na mtani wake. Akafikiri.

"Watani wa babu wote wameshakufa."

"Basi hapo sijui."

"Basi aendelee kulipa," akasema, akarudi kukata nyama.

Gunia la kwanza kukobolewa lilikuwa la mtani, na hakulipa. Alisema marehemu hawezi kulipia kwenye mashine yake. Nikamkumbusha kwamba ameshakombolewa, si marehemu tena. Akasema basi ni mjane, na wajane hawalipi.

Siku ya pili wateja walikuwa wengi, matela yamefika mpaka kwenye kichuguu. Simu ya mke wangu ilikuwa mfukoni mwangu, imezimwa. Jua lilipofika katikati niliigusa bila kufikiri, kisha nikaendelea kumimina mpunga. Halafu ile simu yangu nyingine ikaita. Namba ilikuwa ya mtani, ile yake mwenyewe ya kuuzia dagaa.

"We mzee wa Kasekese!" Ilikuwa sauti yake, haikubanwa popote. "Umekula?"

"Bado."

"Kula basi. Mimi si mkeo, sina muda wa kukubembeleza."

Nikawaomba wateja radhi, nikazima mashine, nikaenda kula.